Mwezi wa Kumi Uko Wapi Hapo?

Ukumbi mdogo, feni imegoma, na ukutani projekta inaonyesha mchoro wa mistari miwili. Wa buluu ni mtiririko wa Mto Ruvu uliopimwa. Mwekundu ni mtiririko uliokokotolewa kutokana na mvua na modeli ya kompyuta. Inapanda pamoja masika, inashuka pamoja kiangazi, inapanda tena vuli. Kijana mwenye kompyuta anasema modeli imepata alama 0.81, na meza ya mbele inatikisa vichwa kwa kuridhika.

Bibi mmoja anayelima mpunga bondeni, upande huu wa Bagamoyo, ananyoosha mkono.

"Mwanangu, mwezi wa kumi uko wapi hapo?"

"Upo, bibi. Pale chini."

"Pale chini naona mstari wa rula tu."

Watu wakacheka, kikao kikaenda mbele.

Swali lile halijatoka kichwani mwangu wiki kadhaa sasa. Kipimo cha wima cha mchoro ule kilifika mita za ujazo 400 kwa sekunde. Ukiuchapa kwa urefu wa sentimita 20, mto wenye mita za ujazo 6 unachukua milimita 3. Bibi hakuwa na tatizo la macho.

Na mwezi wa kumi ndio mwezi wa ugomvi.

Kinachogombewa

Tuanze na hesabu ya mabomba. Mtambo wa Ruvu Juu, unaochota maji ya mto huu kwa ajili ya Dar es Salaam pale Mlandizi, una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, huku Bagamoyo, lita milioni 270. Gawa kwa sekunde 86,400 za siku: mita za ujazo 2.3 na 3.1 kwa sekunde. Jumla 5.4.

Masika, mto ukiwa umejaa hadi kwenye miti, 5.4 haionekani. Mwisho wa kiangazi, kabla vuli haijashika, hiyo 5.4 ni fungu kubwa la mto wenyewe. Mgao wa maji wa Dar es Salaam wa mwishoni mwa 2021, na ule wa mwishoni mwa 2022, ulizaliwa kwenye milimita zile tatu za mchoro.

Alama 0.81 imepatikanaje

Alama ile huitwa Nash-Sutcliffe, kwa majina ya watu wawili walioitoa mwaka 1970. Ikiwa 1, modeli imelingana na kipimo kila siku. Ikiwa 0, modeli haina faida kuliko kuandika wastani wa mto kila siku na kwenda kulala. Chini ya 0, bora ungelala tu.

Shida iko kwenye namna inavyohesabu makosa: kila kosa huzidishwa kwa lenyewe kabla ya kujumlishwa. Chukua siku ya mafuriko. Mto una 300, modeli inasema 330. Ni kosa la asilimia 10, si baya, lakini 30 mara 30 ni 900. Chukua sasa siku ya mwezi wa kumi. Mto una 6, modeli inasema 9. Imeongeza nusu ya mto ambayo haipo. Lakini 3 mara 3 ni 9.

900 kwa 9.

Yaani siku mia moja za kukosea hivyo mwezi wa kumi zina uzito sawa na siku moja ya kosa dogo la masika. Ukiiachia kompyuta itafute vigezo, yaani namba za ndani za modeli, vyenye alama ya juu, itafanya ulichoiomba: itafukuzana na vilele vya mafuriko, na kiangazi itakiacha kijitegemee. Mwisho wa siku unapata modeli nzuri ya kutahadharisha mafuriko, kisha inapelekwa kwenye kikao cha kugawa maji ya kiangazi.

Dawa yake haina ugumu. Alama ihesabiwe kwa logi (logarithi) asilia ya mtiririko, inayotazama uwiano wa namba kuliko tofauti yake, badala ya mtiririko wenyewe. Kwa logi, kosa la kutoka 6 hadi 9 ni 0.41, na la kutoka 300 hadi 330 ni 0.10, mizani imegeuka. Siku ambazo mto umekauka kabisa hazina logi, kwa hiyo huongezwa kiasi kidogo kwenye mistari yote miwili, tuseme sehemu moja ya mia ya wastani wa mto. Na kabla ya alama yoyote, ulizia ujazo wa Agosti hadi Novemba peke yake: umekosewa kwa asilimia ngapi? Swali hilo moja huziumbua modeli nyingi zenye 0.8.

Mto unavyokauka

Mvua ikikatika, mto unaishi kwa akiba ya ardhini, na kila siku hubakiwa na sehemu fulani ya maji ya jana. Sehemu hiyo ikiwa 0.98, mto wenye 20 leo utakuwa na 5.95 baada ya siku 60. Ikiwa 0.97, utakuwa na 3.2. Tofauti ya moja ya mia imeondoka na mita za ujazo 2.7, na huo ni zaidi ya mtambo wa Mlandizi ukiwa unavuta kwa uwezo wake wote.

Kwenye GR4J, modeli ya Kifaransa iliyochapishwa mwaka 2003, kazi hii inafanywa na ndoo mbili. Ya kwanza ni udongo, na ukubwa wake kwa milimita huitwa X1. Maji yanayovuka udongo yanagawanywa: asilimia 90 yanaelekea ndoo ya pili, X3, inayoachia polepole, asilimia 10 yanapita njia ya mkato. X4 ni muda ambao maji ya mvua huchukua kufika mtoni. X2 ni maji yanayopotea au kuongezeka kwa njia za chini ya ardhi, na huyo tutarudi kwake, maana ana siri.

Vigezo vinne, basi. Kwa mto wenye takwimu za kuungaunga ni heri hivyo kuliko modeli yenye vigezo arobaini ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima. Lakini X3 ikitafutwa kwa kufuata vilele vya masika, mto wa kiangazi utakaushwa kwa kasi ambayo si yake. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa hesabu hutupwa, kwa kuwa ndoo zilianza zikiwa zimejazwa kwa kukisia, halafu miaka mikavu huwekwa pembeni. Modeli ifundishwe kwa miaka ya mvua, ijaribiwe kwa miaka ya ukame. Wengi hugawa takwimu katikati, nusu ya kwanza na nusu ya pili, na wakibahatika kila nusu ina mvua ya kutosha mtihani unakuwa rahisi.

Mpaka hapo ungedhani tatizo ni la yule kijana na mstari wake mwekundu.

Buluu nayo ni modeli

Hapa ndipo swali la bibi linapouma.

Hakuna anayepima mtiririko wa mto kila siku. Kinachosomwa ni kina. Msoma geji anafika asubuhi, anatazama rula iliyosimikwa majini, anaandika 0.80 kwenye daftari. Jioni anarudi. Namba hiyo hugeuzwa kuwa mtiririko kwa kanuni iliyotengenezwa kutokana na siku chache ambazo watu walikwenda na mashine, wakapima kina na mwendo wa maji kutoka ukingo hadi ukingo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua kina kilichosomwa, toa kile ambacho mto ukifikia maji hayatembei tena, inua kwa kipeo, zidisha kwa kigezo. Mfano wa namba za kubuni: toa 0.30, kipeo 1.7, kigezo 18. Geji ikisoma 0.80, jibu ni 5.5.

Masika ikapita, mto ukamwaga mchanga pale penye geji. Sentimita 15. Sasa cha kutoa si 0.30 tena bali 0.45, ila hakuna aliyekwenda kupima upya. Geji inasoma 0.80 vilevile, daftari linaandikwa vilevile, kompyuta inatoa 5.5 vilevile. Maji yanayopita ni 3.0.

Mchanga wa kimo cha kiganja umekula karibu nusu ya mto, na kwenye kumbukumbu hakuna kilichobadilika. Mchanga huohuo, siku geji inasoma 4.00, unabadilisha jibu kutoka 166 hadi 155: asilimia 7, ambayo hakuna atakayeikosea usingizi. Masika mstari wa buluu unaaminika kiasi. Mwezi wa kumi ni makisio yaliyokaa juu ya mchanga.

Modeli inalinganishwa na hayo.

Ikilingana, imelingana na nini?

Dalili zipo, kwa anayetaka kuziona. Weka vipimo vyote vya mashine kwenye mchoro mmoja na kanuni, uvipake rangi kwa mwaka. Vikitapakaa pande zote mbili, hayo ni makosa ya kawaida ya kupima. Vya mwaka mmoja vikikaa vyote upande mmoja, sakafu ya mto imehama. Dalili nyingine iko kwenye daftari lenyewe: 0.62, 0.62, 0.62 kwa siku kumi na moja, ilhali juu Morogoro mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Hiyo imeandikwa nyumbani. Na usiharakishe kumlaumu mtu anayelipwa kidogo kutembea hadi mtoni mara mbili kwa siku. Laumu aliyeiingiza kwenye modeli bila kuitazama.

Mvua ya upande mmoja wa mlima

Hili nalipitia haraka, maana limesemwa sana. Maji ya Ruvu ya kiangazi yanatoka Uluguru, hasa mteremko wa mashariki unaoelekea bahari, ambako mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mlima ukiuvuka tu, upande wa Ngerengere, hali ni nyingine kabisa. Vipima mvua vingi viko chini, karibu na barabara. Data za setilaiti zinazopakuliwa bure, mfano CHIRPS inayoanzia mwaka 1981, zina miraba ya takriban kilomita 5 na hutegemea sana ubaridi wa vilele vya mawingu. Mawingu mafupi ya mlimani yananyesha bila kuwa baridi juu. Setilaiti inayapunja, na modeli inafidia kwa kupunguza kitu kingine, kwa kawaida maji yanayopotea hewani. Jumla ya mwaka inakaa sawa na miezi inaharibika.

Pampu zisizo kwenye faili

Pampu ya petroli ya inchi 3 ikiwa nzima hutoa lita 10 kwa sekunde, hata zaidi. Pampu mia moja zikinguruma pamoja kando ya mto ni mita moja ya ujazo kwa sekunde. Mwezi wa kumi hiyo si ya kupuuza.

Modeli haijui kuna pampu. Inaona mvua iliingia, inaona mto umepungua kuliko ilivyotarajia, inatafuta pa kuyapeleka maji yaliyokosekana. Inayapeleka X2. Inayaita maji yaliyozama ardhini, na alama inapanda.

Hiyo ndiyo siri ya X2.

Halafu anakuja mtu na kuiuliza: vibali vikiongezwa hadi kiasi fulani, mto utakuwaje? Anauliza habari za pampu kwa modeli iliyofundishwa kuwa pampu ni ardhi. Itajibu, maana kompyuta haijawahi kukataa kujibu.

Njia ya kuikwepa ni ya jasho kuliko ya hesabu. Jumuiya ya watumia maji wapite kando ya mto na daftari la safu nne: pampu ngapi, za inchi ngapi, saa ngapi kwa siku, wiki zipi. Maji hayo yarudishwe kwenye mstari wa buluu kabla modeli haijaanza kufundishwa, kisha yatolewe upya kama matumizi yanayojulikana. Orodha ya vibali peke yake haitoshi. Vibali vinaonekana ofisini, pampu zinaonekana mtoni, na idadi zake si lazima zikutane.

Wastani wa mwezi, na bamvua

Modeli nyingi za kugawa maji huendeshwa kwa mwezi. Inarahisisha kazi, na kwa bwawa kubwa haina neno. Kwa mto usio na bwawa ni hatari. Tuseme siku 20 za mwanzo wa Oktoba mto una 4, kisha vuli inapiga na siku 11 zilizobaki una 40. Wastani wa mwezi ni 16.8. Kwenye jedwali maji yanatosha mara tatu. Bondeni, kwa siku 20 mto mzima ulikuwa chini ya 5.4.

Na shamba la bibi liko chini zaidi ya hapo, kule ambako mto, Kingani kama ulivyoitwa zamani huku pwani, unapandwa na bahari. Modeli ya mvua na mto inaishia kwenye geji ya mwisho. Chini ya hapo kina kinapanda na kushuka mara mbili kwa siku bila mvua yoyote, na geji ikiwekwa hapo inapima mwezi wa angani kuliko mto.

Maji ya bahari ni mazito, yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo hupenya chini ya maji ya mto. Mto ukiwa na nguvu huyasukuma nje. Ukidhoofika, yanapanda. Maji mafu yakiwepo, bahari ikijaa na kupwa kidogo tu, chumvi hulala chini na maji matamu hukaa juu. Bamvua ikija, bahari ikijaa na kupwa kwa kiasi kikubwa, mkondo unakoroga yote. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya kwenye udongo ikivuka 3 kwenye kipimo ambacho bahari husoma takriban 50. Sehemu moja ya bahari ndani ya kumi na saba inatosha. Wakulima wa huku wanajua kupiga pampu maji yakiwa yamekupwa, na kuweka mpira wa kuvutia karibu na uso wa maji, usishuke chini. Hawakuhitaji modeli kwa hilo.

Wanachohitaji, na hakuna mchoro wa alama 0.81 unaokitoa, ni hiki: ndani ya msimu, ni bamvua ngapi zitakuja huku maji yanayobaki baada ya Ruvu Chini kuchota yakiwa pungufu ya kiasi cha kuizuia chumvi? Bamvua zinajulikana miaka mbele, ziko kwenye kalenda. Kinachokosekana ni mtiririko wa siku kwa siku wa mwezi wa kumi, ambao ndio ule ule usioonekana ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayatanguliza maji ya majumbani, kisha ya mazingira. Hayo ya mazingira, hapa mdomoni mwa mto, ndiyo yanayosukuma chumvi. Kuyakadiria kwa wastani wa mwezi ni kuyafuta.

Basi tuache?

Mtu anaweza kusema: kama buluu ni makisio na nyekundu inaiga makisio, tupa kompyuta, pima mto. Wazo hilo lina mvuto, na kwa wiki moja hivi lilionekana ndilo jibu.

Linakwama Kidunda. Bwawa linalojengwa kule juu litabeba mita za ujazo milioni 190. Gawa kwa 5.4 kwa sekunde: siku zaidi ya 400 za mitambo yote miwili, kabla ya kutoa jua linachokunywa, maji ya chini kabisa yasiyotoka, na haki ya mto. Hakuna daftari la geji lenye Oktoba ya Ruvu yenye Kidunda. Haijawahi kuwepo. Atakayefungua mlango wa bwawa lazima ajue leo atoe kiasi gani ili Bagamoyo ipate kiasi gani siku kadhaa baadaye. Maji yanayotembea nusu mita kwa sekunde huenda kilomita 43 kwa siku, na njiani kuna kingo za mchanga zinazokunywa kwanza, kisha pampu. Hilo haliwezi kupimwa kabla halijatokea; ni lazima liigwe.

Na bwawa litaleta jambo jingine kwenye geji. Mchanga utabaki bwawani. Maji yanayotoka yakiwa mepesi yatachimba sakafu ya mto, na kile cha kutoa kwenye kanuni, 0.30 yetu ya mfano, kitaanza kushuka. Ikifika 0.15, geji ikisoma 0.80 maji yanayopita ni 8.7, na daftari la zamani litaendelea kusema 5.5. Safari hii mto utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na mlango utafunguliwa zaidi bila sababu.

Kwenda kupima

Ruvu ina mamba na viboko, kwa hiyo habari ya kuingia na buti na mashine mkononi tuisahau. Kazi inafanyika darajani au kwenye boti. Kwa mashine ya propela, kamba hukatiza mto na kugawa upana vipande ishirini au zaidi, pasiwe na kipande kinachobeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji yote. Penye kina kifupi mwendo hupimwa mara moja, kwenye 0.6 ya kina kutoka juu; penye kina kirefu mara mbili, 0.2 na 0.8, kisha wastani. Kifaa cha mawimbi ya sauti kinachovutwa kwa kiboti kidogo kina kasi zaidi, vuka mara nne ulinganishe, ila kina mtego wake: hupima mwendo wa kiboti kwa kuitazama sakafu, na sakafu ya mchanga ikiwa inatembea, mtiririko utasomeka mdogo. Kifungie GPS.

Halafu tarehe. Ratiba nyingi za kupima hufuata gari na posho, na gari hupatikana kirahisi mafuriko yakitangazwa redioni. Vipimo vitatu kati ya Agosti na kuanza kwa vuli, kila mwaka, kwenye geji ileile: kimoja mto ukiwa bado unashuka, kimoja Septemba, kimoja Oktoba katikati, pampu zikiwa zinanguruma. Watu wawili au watatu, nusu siku kila mara.

Vikishapatikana, mchoro wa ukutani ubadilishwe kipimo cha wima kuwa cha logi. Ni kubofya mara moja. Kutoka 1 hadi 10 kutakuwa na nafasi sawa na kutoka 10 hadi 100, na vile vipimo vitatu viwekwe juu yake kama nukta nyeusi, kubwa, za kuonekana kutoka viti vya nyuma. Bibi ataonyesha mwezi wa kumi kwa kidole mwenyewe, na kijana ataeleza kwa nini nukta haikugusa mstari wowote kati ya miwili.